Sketi Hamsini na Nane za Kumalizia Wimbo wa Kona

Saa tatu kasoro robo asubuhi, fundi cherehani anasimama katikati ya chumba chake cha kazi na kupiga kofi moja. Kisha ananyamaza, kichwa kimeinama upande, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.

Mteja aliyeleta suruali ya kufupishwa anamtazama kutoka mlangoni.

"Umempata?"

"Nani?"

"Si mbu huyo?"

"Hakuna mbu, kaka. Nasikiliza chumba."

Mteja anatazama huku na huku, kisha anaiweka suruali juu ya meza ya kukatia. "Haya. Kikikujibu, kiambie suruali yangu naitaka Alhamisi."

Fundi anamwandikia jina kwenye kipande cha karatasi, anakibana kwenye suruali kwa pini, na kupiga kofi la pili. Safari hii anakwenda moja kwa moja kwenye kompyuta mpakato iliyowekwa juu ya cherehani. Kwenye kioo kofi lake limegeuka mchoro: mlima mmoja mkali, kisha mkia unaofifia. Anapima urefu wa mkia huo na kuuandika katika daftari lilelile anamoandika viuno na mabega ya wateja.

"Theluthi moja ya sekunde," anasema. "Bado. Inatakiwa robo."

Chumba kina urefu wa hatua tano na upana wa hatua nne. Kuta tatu hazionekani kwa sketi za shule za rangi ya buluu, za marinda, zilizotundikwa kwenye mabomba ya chuma. Ziko hamsini na nane. Katikati imesimama nguzo ya feni iliyoharibika, na pale palipokuwa na mapanga ya feni sasa pamefungwa maikrofoni. Mbele yake, kwa umbali wa vidole vinne, kuna fremu ya kudarizi iliyovishwa soksi ndefu ya kike. Soksi hiyo huzuia pumzi ya herufi kama "p" na "b" isiipige maikrofoni kama teke.

Anachosubiri fundi ni nusu ya wimbo mmoja. Nusu ya kwanza iliimbwa humu miezi minne iliyopita na dada yake, kwa sauti ambayo dada huyo hana tena. Nusu ya pili ni ya fundi mwenyewe. Isipopatikana leo au kesho, sketi zitarudi shuleni, na kwa hesabu zake wimbo utabaki na mguu mmoja.

Fundi ana miaka arobaini na saba. Ameshona kwa miaka ishirini na sita, kumi na tisa kati ya hiyo ndani ya chumba hiki. Mtaani walikuwa wakimwita Fundi tu. Miezi saba iliyopita jirani yake mchomeleaji, mwenye karakana ya mageti ukuta kwa ukuta, alimwona akiingiza maboksi ya vyombo vya kurekodia akampachika jina la Mama Studio. Alikusudia kumtania. Sasa hata barua za shule zinaandikwa hivyo.

Nyimbo zenyewe ni nane, na zilitungwa na baba yao, fundi wa lipu aliyefariki miaka kumi na moja iliyopita. Hakuwa na wasaidizi wa kulipwa, alikuwa na mabinti wawili. Siku zisizo za shule mkubwa alipanda naye jukwaa la ujenzi kumshikia ubao wa lipu. Mdogo alibaki chini akichanganya mchanga na saruji na kujaza karai.

"Baba alikuwa hapigi kelele," anasema dada mkubwa, ambaye ana miaka hamsini na mitano na ni muuguzi mstaafu wa zahanati. "Akitaka udongo, haiti. Anaimba. Mimi wa juu naitikia, huyu wa chini anamalizia. Ukichelewesha karai, wimbo unakufa, na watu wote pale kazini wanajua ni nani kauua."

"Mara nyingi ni mimi," anasema fundi.

"Mara zote ni wewe."

Kila wimbo una kazi yake. Kuna wa kurushia lipu ya kwanza, wa haraka. Kuna wa kusawazisha, mrefu, wenye mwendo wa mkono unaokwenda na kurudi. Wa saba ni wimbo wa kona, polepole kuliko zote, kwa sababu kona ikiharakishwa huonekana mpaka nyumba ibomolewe. Wa nane ni wa kuosha vyombo jioni. Hakuna aliyewahi kuuandika hata mmoja. Wa juu anajua sehemu ya wa juu, wa chini anajua ya wa chini, na sauti hizo mbili huachiana nafasi kiasi kwamba ukisikia moja peke yake utadhani mwimbaji amesahau maneno.

Uvimbe shingoni mwa dada ulianza kama kokwa ya embe na kwa miaka sita haukumsumbua. Miezi saba iliyopita ulianza kumbana pumzi anapolala. Daktari alisema lazima afanyiwe upasuaji, akampa tarehe ya miezi mitatu mbele, na akamweleza kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita hapohapo.

"Akasema sauti inaweza kubaki, inaweza kushuka," dada anakumbuka. "Nikamuuliza, ishuke mpaka wapi? Akasema hajui. Nikamwambia, daktari, kwa miaka thelathini mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wagonjwa kwamba hatujui. Leo umenirudishia."

Wiki hiyohiyo fundi alikwenda kwa fundi simu wa kona ya pili, mtu mzima mwenye mvi ambaye ujanani alipiga kinanda kwenye bendi ya harusi, akamuuliza swali moja: mtu akitaka kurekodi nyumbani, anaanza na nini?

Fundi simu alimtajia vitu vinne. Kompyuta, maikrofoni, hedifoni za kufunika sikio zima, na kisanduku kidogo kinachoingia kati ya maikrofoni na kompyuta ili kuigeuza sauti kuwa kitu kinachoeleweka na mashine. Programu yenyewe, alisema, ipo ya bure na inatosha.

"Nikamuuliza, spika? Akasema bado. Taa za rangi? Akacheka," anasema fundi. "Nilikuwa nimeona kwenye picha studio zina taa za rangi."

Kompyuta aliipata kwa kubadilishana. Ilikuwa kuukuu, kibodi yake haina herufi mbili, na fundi simu aliitoa kwa mapazia ya duka lake lote pamoja na vifuniko vya viti vinne. Vingine vitatu vilinunuliwa, na bei yake ilikuwa sawa na ufundi wa sare thelathini na moja. Wiki ya kawaida fundi hushona nguo ishirini, zikizidi ishirini na tano.

Kwa siku tisa za kwanza alirekodi na kupata sauti nyembamba, ya mbali, kama ya mtu anayeimba ndani ya mtungi. Siku ya kumi alimwita fundi simu aje aone. Alipofika alimkuta mteja wake ameinama juu ya maikrofoni, anaiimbia kileleni.

"Mama," alimwambia, "hii haisikii kwa utosi. Ina uso. Uso wake ni huu wa mbele, wenye alama. Umeimbia kichwa cha mtu siku tisa."

"Na wewe siku ya kuniuzia hukuona haja ya kunionyesha uso ulipo?"

"Nilijua utauona. Unaona tundu la sindano, hutaona uso?"

Kosa la pili lilikuwa mvumo. Chini ya kila alichorekodi kulikuwa na sauti nzito, ya mfululizo, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Alibadilisha waya, akahamisha maikrofoni, akazima feni. Mwishoni aligundua kwamba mvumo huongezeka mchomeleaji anapofanya kazi, na kwamba hutoweka kabisa kompyuta ikichomolewa kwenye umeme na kutumia betri yake. Betri hiyo hudumu dakika hamsini. Tangu siku hiyo kikao cha kurekodi ni dakika hamsini, basi.

Na mchomeleaji waliwekeana masharti. Kitambaa chekundu kikitundikwa nje ya mlango wa fundi, yeye hachomelei wala hakati chuma. Malipo yake ni kuzibiwa bure matundu ya cheche kwenye ovaroli zake. Mkataba unafanya kazi, ingawa mtu mwenyewe hupenda kuhakikisha kwa kupaza sauti juu ya ukuta: "Mama Studio, nichome?" Sauti hiyo imo katika nyimbo tatu kati ya saba. Fundi ameikata kote.

Kukata hakukumpa shida. Programu huonyesha kila sauti kama utepe mlalo, utepe juu ya utepe, na mtu anayekata vitambaa kila siku aliuelewa utepe huo kabla hajaelewa majina ya vitufe. Utepe wa chini kabisa anauita bitana, kama kitambaa cha ndani ya koti. Humo alirekodi mwiko wa baba yake ukigonga karai, gonga moja baada ya jingine, kwa dakika nne. Programu ina kipima mwendo chake, kinacholia ti-ti-ti, lakini dada alikikataa.

"Baba hakuwa na saa ukutani," alisema. "Alikuwa na mwiko."

Wakati huohuo chumba kilikuwa na oda kubwa. Shule ya jirani ilitaka sketi sitini na mbili za marinda kwa wanafunzi wapya. Fundi alizimaliza mapema, wiki tano kabla ya shule kufunguliwa, akazitundika zisipoteze marinda. Na katika wiki hizo tano kila kitu kilinyooka. Sauti zilikuja karibu, safi, kila neno limesimama peke yake. Walirekodi nyimbo sita, dada kwanza, kisha yeye akimsikiliza dada kwenye hedifoni. Maikrofoni ni moja, kwa hiyo huimba mmoja mmoja.

"Nikajisemea, sasa nimeijua kazi," anasema fundi. "Nilimwambia hata fundi simu: unaona, nilihitaji muda tu. Nilijisifu sana wiki zile."

Jumamosi kabla ya upasuaji walirekodi wa saba, wa kona. Dada alimaliza sehemu yake mara ya pili tu. Ilipofika zamu ya fundi, mchomeleaji aligonga mlango. Alikuwa na geti la watu waliokuwa wanahamia siku ileile, na wenyewe walikuwa wamekaa nje juu ya magodoro yao wakimngoja.

"Nikamwambia kachome, jirani," anasema fundi. "Nikasema yangu nitaimba wakati wowote. Mimi siendi kokote."

Jumatatu mwalimu wa shule alikuja na mkokoteni kuchukua sketi. Jumanne dada aliingia chumba cha upasuaji.

Wiki mbili baadaye, dada akiwa amepata nafuu na analala kwa mwanawe, fundi alitundika kitambaa chekundu, akavaa hedifoni na kuimba sehemu yake. Aliposikiliza alidhani kuna kitu kimekatika. Ukizivaa hedifoni hizo leo na kusikiliza alichorekodi siku ile, huhitaji sikio la mwanamuziki kuelewa. Sauti ya dada iko karibu, kama mtu aliyeketi nawe kwenye benchi. Ya fundi inatoka kwenye korido, na kila neno lina kivuli nyuma yake. Wanaitikiana, lakini hawapo nyumba moja.

Ilimchukua siku kumi na moja kujua kilichotokea. Alibadilisha waya. Alirudisha maikrofoni dukani kupimwa. Alifuta programu na kuiweka upya. Alipima kwa futi umbali wa mdomo wake na ile soksi. Fundi simu alishauri amwongezee dada mwangwi ili wafanane, jambo ambalo programu inaliweza.

"Tukamwongezea," anasema fundi. "Akawa kama mtu aliyejifungia bafuni. Na huo wimbo wa kona! Nani apige lipu bafuni huku anaoga?"

Siku ya kumi na moja aliangusha mkasi. Mlio wake ulizunguka chumba kizima kabla ya kutulia. Fundi anasema alisimama hapohapo, mkono bado wazi, kwa sababu mkasi huo ameuangusha mara mia na haukuwahi kulia hivyo. Akapiga kofi. Chumba kikajibu. Akatazama mabomba matupu ukutani, akaelewa kwamba kilichomnyooshea sauti kwa wiki tano kilikuwa marinda ya watoto wa shule.

Kuta za chumba hicho zilipigwa lipu na baba yake. Ni laini kiasi kwamba maji yakimwagika juu yake hayaachi alama. Ukuta laini hurudisha sauti, na kadiri ulivyo laini ndivyo unavyoirudisha yote. Kitambaa kizito chenye mikunjo huimeza.

"Baba angenyoosha kidogo tu, akaacha," anasema dada. "Lakini hakujua kuacha."

Fundi alianza kupima. Daftari lake lina kurasa nne za majaribio, kila moja na tarehe. Chumba kitupu: mkia wa kofi, sehemu sita za kumi za sekunde. Mablanketi manne: nusu sekunde. Majora ya vitambaa yaliyosimamishwa pembeni: karibu hakuna tofauti, kwa sababu jora lililobanwa ni kama gogo. Magodoro mawili yalifupisha mkia sana lakini sauti ikawa butu, kama ya mtu aliyefunikwa kanga usoni. Alishona mapazia ya kitambaa chepesi, akayafumua. Hakuna kilichofika robo sekunde na bado kikaacha sauti ikiwa hai.

Swali ambalo kila mtu anamuuliza ni kwa nini asikubali tu. Nani atasikia?

"Nikikushonea koti," anajibu, "mkono mmoja buluu, mwingine buluu ya duka jingine, utalivaa?"

Kuna jibu la pili, ambalo hulitoa dada. Baada ya upasuaji sauti yake ilishuka. Hakupoteza maneno, anaongea vizuri na anacheka vizuri, lakini sauti za juu zimeondoka, na baada ya miezi minne daktari haoni dalili kwamba zitarudi. "Nikipiga simu kuulizia maji, naitwa mzee," anasema. "Mzee, shida yako tumeipata. Zamani nilikuwa nasahihisha. Siku hizi nasema asante, mwanangu." Kwa hiyo sehemu ya wa juu katika wimbo wa kona haiwezi kurekodiwa upya katika chumba kingine. Ipo hii moja, na ilitengenezwa humu, na sketi zikiwepo.

Fundi alikwenda shuleni. Mwalimu mkuu msaidizi, mwanamke anayesimamia sare, anakumbuka mazungumzo yale neno kwa neno.

"Alinikuta ofisini akasema: mwalimu, shule ikifungwa nileteeni zile sketi, niwashushie watoto mapindo. Wamekua. Nikamuuliza bei. Akasema bure. Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, Mama Studio, nimefanya kazi na mafundi miaka ishirini, bure sijawahi kuiona. Kuna nini?"

"Nikamwambia ukweli," anasema fundi. "Kwamba nataka zitundikwe kwangu siku mbili, niimbe katikati yake."

Mwalimu alimtaka arudie. Aliporudia, alimwuliza kama ni mambo ya dini. Alipohakikishiwa kwamba ni mambo ya lipu, alikubali, kwa sharti kwamba zirudi shuleni Jumatatu zikiwa zimepigwa pasi, kila moja na jina lake.

Kushusha pindo moja la sketi ya marinda, kufumua, kukunja upya na kupiga pasi, huchukua dakika ishirini na tano. Kwa sketi hamsini na nane ni zaidi ya saa ishirini na nne za kazi isiyo na malipo. Fundi aliimaliza kwa siku tatu na kukataa oda mbili.

Kuna nne ambazo hazikurudi. Wanafunzi wawili walihama shule, sketi moja iliungua kwa pasi, na ya nne, kwa mujibu wa orodha ya mwalimu, "haijulikani." Ndiyo maana asubuhi hii mkia wa kofi unagoma kwenye theluthi ya sekunde. Fundi anatoa kwenye kabati kipande cha kitambaa kilekile kilichobaki wakati wa oda, anakata, anapanga marinda kwa pini, na kushona haraka vipande vinne ambavyo si sketi na havitavaliwa na mtu. Anavitundika kwenye kona ya kulia ya dirisha, mahali ambapo, anasema, sketi nne za mwisho zilikuwa.

Anaulizwa kama kweli anakumbuka zilipokuwa.

"Nilizitundika mwenyewe."

Kofi. Mchoro. Anapima mara mbili. Anaandika: robo.

Dada anafika saa nne kasoro, na mwiko wa baba kwenye mfuko wa plastiki, ingawa safari hii hautahitajika kwa kurekodi wa saba. Anapapasa sketi mojamoja akisoma majina. "Huyu ni mjukuu wa yule mama wa chanjo," anasema. "Kakua huyu." Kisha anakaa kwenye kigoda pembeni na kufunga mdomo, kwa sababu ndani ya chumba hiki hata kupumua kwa nguvu huonekana kwenye mchoro.

Kitambaa chekundu kinatoka nje. Kompyuta inachomolewa. Dakika hamsini zimeanza.

Fundi anaimba mara ya kwanza na kujikatiza mwenyewe. Anasema ameharakisha kona. Mara ya pili pikipiki inapita. Mara ya tatu anafika mwisho, mkono wake wa kulia ukienda taratibu hewani, kiganja wazi, kama mtu anayesawazisha kitu kisichoonekana. Anazima. Anamvisha dada hedifoni.

Dada anasikiliza dakika nne akiwa ameangalia sakafu. Katikati anatabasamu, kisha anaacha. Wimbo unapokwisha anabaki nazo masikioni.

"Tuko wapi hapo?" anauliza mdogo wake.

"Tuko kazini," anasema dada. "Na karai halijachelewa."

Baada ya hapo fundi anafanya jambo la kiufundi, ambalo anasisitiza ndilo muhimu kuliko yote aliyojifunza: anahifadhi wimbo mahali patatu. Kwenye kompyuta, kwenye diski ndogo iliyo ndani ya kopo la vifungo, na kwenye nyingine ambayo dada ataondoka nayo. Diski ya kwanza kabisa aliyonunua ilifuliwa ndani ya mfuko wa aproni.

Mpango wake unaofuata ameshauchora kwenye daftari. Atashona mapazia ya marinda ya kitambaa hichohicho kizito, mita arobaini na mbili, yazunguke kuta tatu na kufunguka siku za kazi. Kitambaa atakinunua kidogo kidogo, na anakadiria mwaka mmoja. Tayari wametokea watu wawili wanaotaka kurekodi kwake, mmoja ni fundi simu mwenyewe, aliyekumbuka kwamba bado ana kinanda. Fundi hajasema ndiyo. Anataka kwanza chumba kisitegemee kalenda ya shule.

Lakini hilo ni la mwaka mmoja. Leo betri ina dakika kumi na tisa, sketi zipo, na wimbo wa nane, wa kuosha vyombo, haujarekodiwa hata neno. Kwa miezi minne fundi amekuwa akisema utabaki hivyo. Sehemu ya juu haina mwenyewe.

Dada anautoa mwiko kwenye mfuko, analivuta karai la baba kutoka chini ya meza ya kukatia, na kusimama mbele ya maikrofoni. Nguzo ya feni imefungwa kwa urefu wa mdogo wake. Anaishusha mwenyewe.

"Unafanya nini, dada?"

"Sehemu yako naijua. Nimeisikia kutoka juu miaka yote. Na wewe yangu unaijua?"

"Naijua."

"Basi."

Nje, juu ya ukuta, inapanda sauti inayofahamika. "Mama Studio! Nichome?"

Dada anageuka na kujibu kabla ya mwenye nyumba, kwa sauti aliyo nayo sasa, nzito, inayojaza chumba bila kurudi. "Subiri!"

Kisha mchomeleaji, kwa heshima zote: "Sawa, mzee. Samahani, mzee."

Inawachukua dakika mbili za betri kuacha kucheka. Fundi anafuta macho kwa ncha ya sketi, anaona ni ya nani, anaikunjua na kuinyoosha. Anabonyeza kitufe. Utepe unaanza kwenda.

"Leo panda wewe, mdogo wangu," anasema dada. "Mimi nachanganya."

Anagonga karai mara nne, na kuanza.